Siku moja tu ya kupanda Etna, na nina pumu: niende au niache?

Dada mmoja ameniuliza hivi, nafupisha: anaenda Catania, kule Sicily, Italia, kwenye semina ya wiki nzima, Jumamosi ndo siku yake pekee ya bure na Jumapili asubuhi ana ndege ya kurudi. Wenzake wameshapanga kupanda Etna, volkano hai ya huko, mpaka kreta (mashimo yake) za juu kabisa na kushuka siku hiyohiyo. Yeye ana pumu, "ya kawaida tu, inhela natumia mara mojamoja". Ajenti kawaambia mlima uko kijani kwa hiyo hamna shida. Anataka kujua kama kweli hamna shida, kama muongozaji ni lazima au ni njia ya kuwachomoa hela, na avae nini.

Dada yangu, nikupe jibu kwanza maelezo yafuate, maana najua grupu la safari linakusubiri. Nenda, ila usiende kileleni. Nenda mpaka pale utakapoona kreta za juu kwa macho yako, zikitoa moshi, bila kusimama mdomoni mwake, na kama wenzako wanataka kuendelea waendelee, mtakutana chini. Ningekwambia hivohivo hata kama usingekuwa na pumu, tofauti ni kwamba usingekuwa nayo ningekubembeleza, ila kwa kuwa unayo nakukataza.

Tuanze na hicho kijani. Muulize ajenti: kijani cha nani? Etna ina vipimo viwili vya rangi za tahadhari, na vyote vinatumia kijani, njano, chungwa na nyekundu, ndo maana watu wanachanganya kila siku. Kimoja ni cha Idara ya Ulinzi wa Raia ya Italia, hicho kinawahusu watu walio ardhini. Kingine ni cha ndege, kinatoka INGV, taasisi yao ya jiofizikia na volkano ambayo ina kituo palepale Catania, na kazi yake ni kumwambia rubani kama kuna majivu angani. Hiki cha ndege kinaweza kupanda mpaka nyekundu na kushuka ndani ya masaa machache, na siku nyingine mlima unatiririsha lava polepole bila majivu ya maana, rubani hana habari nayo kabisa, ila wewe uliye kwenye njia una kila sababu ya kuwa na habari. Kwa hiyo mtu akikutumia picha ya kijani kwenye simu hajakwambia chochote mpaka ujue kaitoa wapi. INGV wanatoa pia ripoti ya kila wiki, iko kwa Kitaliano lakini unaweza kuipitisha kwenye programu ya kutafsiri, na hiyo isome Ijumaa usiku kabla hujalala.

Sasa hata ukipata rangi sahihi, bado. Hapa ndo nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaamini rangi ya chini maana yake "haitalipuka leo", wakati rangi inasema tu kile ambacho vipimo vinaona mpaka sasa hivi. Mlima Ontake kule Japani, tarehe 27 Septemba 2014, ulikuwa kwenye kiwango cha tahadhari cha 1, cha chini kabisa. Ilikuwa Jumamosi, hali ya hewa nzuri, majani ya vuli yamebadilika rangi, watu kibao juu wanafungua vyakula vyao vya mchana, na saa sita kasoro dakika kama 8 ukalipuka. Watu 63 walikufa au hawakuonekana tena, wengi wao kwa kupigwa na mawe. Mayon kule Ufilipino, Mei 2013, kiwango kilikuwa 0 na wapandaji 5 walikufa. Kisiwa cha Whakaari cha New Zealand, 9 Desemba 2019, kiwango kilikuwa 2 kati ya 5, kilipandishwa wiki tatu kabla na bado watalii wakaendelea kupelekwa, mlipuko ukakuta watu 47 kisiwani, 22 wakafariki.

Ukiangalia hiyo mitatu, hakuna uliokuja na mto wa lava kama ule tunaoonyeshwa kwenye picha. Yote ilikuwa mvuke. Kuna maji ndani ya mlima, ya mvua, ya theluji, yamejipenyeza kwenye miamba karibu na joto, njia ya mvuke kutoka ikizibwa na matope au madini yaliyoganda presha inapanda taratibu, na siku kizibo kikishindwa maji yote yanageuka mvuke kwa mpigo, yanarusha mwamba uliokuwa juu yake. Sasa vipimo vya volkano vimezoea zaidi kusikia magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) ikipanda, inatetemesha ardhi, inavimbisha mlima, gesi inabadilika, mara nyingi hayo yanaonekana siku au wiki kabla. Mvuke uliojificha mita mia chache chini ya miguu yako unaweza usitoe dalili yoyote, au ukatoa dalili ya dakika chache, na dakika chache hazitoshi mtu kukusanya begi.

Na usidhani Etna haina mambo hayo kwa vile inasifiwa kuwa mlima mpole. Tarehe 12 Septemba 1979 kreta inayoitwa Bocca Nuova ilikuwa imezibwa na vifusi, ikajizibua kwa mlipuko mmoja watalii wakiwa wamejaa pembeni, 9 wakafa. Machi 2017 lava ilikutana na theluji, ikalipuka, watu kama 10 wakaumia wakiwemo wanahabari wa BBC, na hao walikuwa na wataalamu pembeni yao. Tarehe 2 Juni 2025 sehemu ya kreta ya kusini-mashariki iliporomoka, ikatoa wingu la moto la gesi na majivu linaloshuka mlimani, nadhani uliona zile video za watalii wakikimbia, hakuna aliyekufa, ila wingu lile lilielekea upande mwingine, na aliyechagua upande ni mlima.

Kwa hiyo kama kitu ni cha ghafla na hakitabiriki unafanyaje? Unapunguza dakika. Ndo hesabu yote ilipo, na sijui kwa nini waandaaji wa safari hawaisemi. Hatari ya mlipuko wa mvuke haiko sawa mlima mzima, mawe mazito yanaanguka zaidi ndani ya kama kilomita moja kutoka kwenye shimo, ukitoka nje ya hapo hatari inashuka haraka sana. Mtu anayepita ukingoni dakika tano na mtu anayekaa dakika hamsini akila mkate na kupiga selfi wamelipa tiketi ileile lakini wa pili amejiweka hatarini mara kumi. Pale Ontake kilichowaumiza watu ni saa ya chakula, kila mtu alikuwa kafika juu na katulia. Sheria yangu mimi, na nimepima gesi kwenye milima ya namna hii miaka kadhaa: kula chini, piga picha ukiwa unatembea, ukingoni hapafai kupumzikia. Begi halitoki mgongoni.

Sasa pumu. Hapa sina utani. Etna ni moja ya volkano zinazotoa gesi ya salfa kwa wingi zaidi duniani, kila siku, hata ukiwa umelala. Ile salfadayoksaidi mtu mwenye mapafu mazima anaisikia kama moshi wa kiberiti, anakohoa, anasogea, yameisha. Mwenye pumu inambana kwenye kiwango ambacho jirani yake hata hajaigundua, na ukiwa unapanda unahema kwa mdomo, hewa haipiti puani ikachujwa, gesi inaingia moja kwa moja. Ongeza baridi, ongeza hewa kavu, ongeza urefu, maana mita 3,000 oksijeni unayovuta ni kama asilimia 70 tu ya ile ya ufukweni, na wewe utakuwa umetoka ufukweni asubuhi hiyohiyo. Kule mlima Aso, Japani, mwaka 1997 watalii 2 walikufa kwa gesi hii kwenye eneo la kutazamia kreta, siku hizi wenye pumu wanaambiwa kabisa wasisogee, na gesi ikizidi eneo lote linafungwa. Hawafanyi vile kwa kupenda kubugudhi watu.

Na ile barakoa ya hospitali uliyoweka begini haizuii gesi, nakuambia mapema. Hata ile nene ya N95 inazuia majivu tu, gesi inapita kama haipo. Kinachozuia ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya gesi za asidi, na hiyo nayo inafanya kupumua kuwe kazi zaidi, kitu ambacho mwenye pumu ndo hakitaki. Kwa hiyo dawa ni upepo. Muulize muongozaji moshi unaelekea wapi leo, tembeeni upande upepo unakotoka, na ukianza tu kusikia kifua kinabana au koo linawasha usijikaze kwa kuogopa kuharibu safari ya watu, geuka palepale. Mabondeni na kwenye mashimo usikae chini kupumzika, kuna kabonidayoksaidi ambayo haina harufu, ni nzito kuliko hewa, inatuama kama maji. Kabla ya safari ongea na daktari wako, mwambie ni mita elfu mbili na mia tano mpaka elfu tatu, na mwambie kuna gesi ya salfa, usiseme tu "naenda kutembea".

Muongozaji ni lazima? Inategemea unaishia wapi. Maeneo ya chini unaweza kutembea mwenyewe, ila kuanzia urefu fulani kwenda juu lazima muwe na muongozaji mwenye leseni, na huo urefu haukai mahali pamoja, mameya wa miji inayozunguka mlima, Nicolosi, Linguaglossa na wengine, wanatoa amri kulingana na mlima ulivyoamka, leo mnaruhusiwa kesho hamruhusiwi. Usiamini posti ya mtu aliyeenda mwaka jana. Mkikuta kamba na kibao msivuke, hata kama kuna watu mnawaona upande wa pili wamevuka. Mimi ningelipa. Hela yenyewe haiendi kwenye kuonyeshwa njia, njia inaonekana, unalipia mtu mwenye redio anayepata taarifa kutoka chini wakati wewe simu yako haina mtandao, na anayejua ukungu ukishuka arudi na bonde lipi. Ila kabla ya kulipa muulize maswali haya: tunageukia wapi na nani anaamua? Helmeti mnatoa? Mlima ukifungwa asubuhi hiyo hela inarudi? Akijibu la kwanza kwa kucheka cheka, tafuta mwingine.

Sasa siku yenyewe ningeipanga hivi. Toka Catania asubuhi na mapema, basi la umma kwenda upande wa kusini lipo lakini ni la kubahatisha, likikuacha jioni umelala mlimani, afadhali mchange gari. Barabara inawafikisha Rifugio Sapienza, mita kama 1,900. Pale shuka, usikimbilie kupanda, zunguka zile kreta za Silvestri za mwaka 1892, zimepoa, unaingia mpaka ndani, na mwili unapata nusu saa ya kuzoea. Kutoka hapo kuna vigari vya kuning'inia kwenye waya vinavyokupandisha mpaka mita 2,500. Watu wengine wanaona ni uvivu, wanatembea, ni mwinuko wa jivu unaorudi nyuma kila hatua, kwako wewe nasema panda kigari na hifadhi pumzi kwa juu. (Hivyo vigari vyenyewe mlima ulishawahi kuviharibu, lava ya 2001 na ya 2002 ilipiga miundombinu ya pale, wakajenga upya. Wenyeji wanauita mlima huo "a Muntagna", Mlima basi, tena wanausema kama mwanamke, na ukibomoa walichojenga hawashangai.)

Kuanzia 2,500 nenda na muongozaji mpaka mnapoona kreta za juu na bonde kubwa la Valle del Bove, ambalo ni kilomita kadhaa za lava nyeusi juu ya lava nyeusi, kwangu mimi hapo ndo pazuri kuliko hata kileleni, maana kileleni mara nyingi unaona moshi mweupe tu na viatu vyako. Uwe umegeuka kabla ya saa saba mchana. Mawingu hupenda kushika mlima kuanzia mchana, na ukungu kwenye jivu jeusi hauna alama yoyote, nimewahi kusimama na kikundi mita hamsini kutoka kwenye njia tuliyokuwa tunaitafuta, dakika arobaini, na mtu aliyetupeleka alikuwa anajiamini kupita kiasi, tukaipata kwa sababu tulisikia watu wanaongea.

Mavazi: fikiria kwamba kila ukipanda mita elfu moja joto linashuka kama digrii sita na nusu, kwa hiyo Catania ikiwa 30 huko juu ni kama 10, na upepo unaipunguza zaidi. Jaketi la upepo, sweta, kofia, suruali ndefu. Buti ngumu, siyo raba, mi buti zangu za kwanza za bei rahisi zilifumuka soli kwenye lava siku moja tu, ile lava ya juu ni kama chupa zilizovunjwa. Glavu za kazi za kawaida, maana ukiteleza unaweka mkono. Kama unavaa lenzi za macho ziache hotelini vaa miwani, jivu likiingia chini ya lenzi utalia. Maji lita mbili. Na losheni ya jua, jivu jeusi halikukingi na jua la huko juu.

Ikitokea imelipuka, na uwezekano ni mdogo lakini unaniuliza mimi: usitoe simu. Baadhi ya waliokufa Ontake walikutwa na picha za lile wingu kwenye simu na kamera zao, zile sekunde zilikuwa za kujificha. Begi liweke juu ya kichwa, jibanze nyuma ya mwamba mkubwa au ingia kwenye jengo lolote lenye paa kama lipo karibu, wengi waliopona pale Ontake walikuwa wamewahi vibanda. Mawe yakipungua ondoka, elekea upande upepo unakotoka, pita juu ya migongo ya mlima, usiingie bondeni maana mawingu ya moto na matope hufuata mabonde kama maji. Na lava yenyewe, ile mnayoiogopa, kwenye Etna mara nyingi unaikwepa kwa kutembea, shida ni nyumba, haina miguu.

Mambo mawili ya pembeni. Bima yako ya safari isome kabla, zipo zinazoishia urefu fulani na zipo zinazotoa volkano hai nje kabisa, na helikopta ya uokoaji siyo bili ya kuchangisha kwenye grupu. Na hiyo ndege yako ya Jumapili: Etna ikitoa majivu uwanja wa Catania huwa unafungwa au safari zinapunguzwa, imeshatokea mara nyingi, kwa hiyo ile ripoti ya Ijumaa usiku utakayosoma kwa ajili ya mlima isome pia kwa ajili ya ndege, hapo ndo ile rangi ya marubani inakufaa. Ujue pia ndege nyingine huwa zinahamishiwa Palermo au Comiso.

Na kama Jumamosi kusini kumefungwa au upepo unashusha moshi upande wenu, msilazimishe, zungukeni kaskazini mkatembee Monti Sartorius, ni mstari wa vikreta vya mlipuko wa 1865 katikati ya miti yenye magome meupe, masaa mawili, hamna mtu anayekusukuma. Inhela iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, siyo begini, ile ya kupuliza ikipata baridi dawa haitoki vizuri.